Kijana wa kompyuta, unaijua hali ya moyo wako?

Kazi ya kompyuta haimtoi mtu jasho. Kijana anayeandika programu kule Westlands, msichana anayepokea simu za wateja wa ng'ambo katika jengo moja la Upper Hill, na mwenzao anayekesha akipanga picha na maneno ili kuifundisha akili unde, wote huonekana kuwa na kazi nyepesi. Hawabebi mawe wala hawachomwi na jua. Wazazi wao huko nyumbani hujivuna, na wana haki ya kujivuna, kwamba mtoto amepata kazi ya kiti na kivuli.

Lakini kiti hicho kina gharama yake. Shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na mafuta kwenye ini ni maradhi ambayo zamani tuliyahesabu kuwa ya wazee. Leo yanaanza kwa watu wa miaka 25 na 30, na yanaanza kimyakimya. Hayaumi. Kijana huenda kazini, hucheka na wenzake, hutuma pesa nyumbani, ilhali mishipa yake ya damu inaharibika kidogo kidogo. Siku maradhi yanapojitokeza, aghalabu huwa yamekaa mwilini kwa miaka kadhaa.

Katika somo la leo tutaeleza jinsi kukaa kutwa kunavyoudhuru mwili, vipimo vinne ambavyo kila mfanyakazi wa aina hii anafaa kuvijua, na hatua anazoweza kuchukua bila kuacha kazi yake.

Dereva na utingo wa London

Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Mwaka wa 1953, daktari Mwingereza aitwaye Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Waliwalinganisha madereva na matingo. Watu hawa walipanda basi lile lile na kulipwa na shirika lile lile. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva aliketi zamu nzima, ilhali utingo alipanda na kushuka ngazi za basi akikusanya nauli, ngazi zipatazo 600 kwa siku.

Iligunduliwa kwamba madereva waliugua moyo zaidi kuliko matingo, na walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa ghafla. Baadaye Morris alichunguza sare zao na kupata kwamba suruali za madereva zilikuwa na kiuno kipana zaidi. Basi huenda sehemu ya tofauti ile ilitokana na unene waliokuwa nao tangu mwanzo. Hata hivyo, uchunguzi mwingi uliofuata, katika nchi nyingi, umethibitisha kwamba mwili usiotembea huugua moyo upesi zaidi.

Mfanyakazi wa kompyuta ni dereva wa basi lile. Tena dereva wa matatu angalau hushuka kunyoosha miguu afikapo mwisho wa safari. Mfanyakazi wa kompyuta hukaa saa tisa ofisini, hukaa tena garini katika msongamano wa Mombasa Road au Waiyaki Way, kisha hukaa kwenye kochi akiwa na simu mkononi.

Kinachotendeka ndani ya mwili

Tuseme ni saa saba mchana, nawe umekula chapati mbili na maharagwe. Chakula husagwa tumboni na wanga wake hugeuka kuwa sukari inayoingia katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kama ya mtu mwenye ufunguo: hufungulia sukari mlango ili iingie kwenye chembechembe za mwili.

Mteja mkubwa wa sukari hiyo ni misuli, hasa ile mikubwa ya mapaja na makalio. Msuli unaofanya kazi huweza kunyonya sukari hata kama insulini ni kidogo. Lakini msuli ulioketi hauna haja nayo, na mlango wake hufunguka kwa shida. Sukari ikikosa pa kwenda hubakia katika damu, na kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi na miaka, mwili huizoea insulini kama vile watu waishio kando ya barabara wanavyozoea honi za magari. Huo ndio usugu wa insulini.

Ini nalo huipokea sukari iliyozidi na kuigeuza kuwa mafuta. Mengine hubakia humo humo ndani ya ini, mengine husambazwa katika damu. Insulini iliyozidi huyafanya mafigo yazuie chumvi mwilini, na shinikizo la damu hupanda. Utando laini ulio ndani ya mishipa hujeruhiwa, na lehemu hupata mahali pa kung'ang'ania. Kumbuka kwamba katika safari hii yote hakuna hatua hata moja inayouma.

Madaktari wana jina la hali hii inapokamilika: sindromu ya kimetaboli. Mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na mambo matatu kati ya haya matano: kiuno kipana, shinikizo la damu lililopanda, sukari iliyopanda, mafuta aina ya trigliseridi yaliyozidi, na upungufu wa lehemu nzuri. Mtu mwenye hali hii yumo katika hatari kubwa ya kupata kisukari, mshtuko wa moyo na kiharusi.

Usidhani haya ni ya nchi za Wazungu pekee. Mji wa Hyderabad nchini India ni makao ya kampuni nyingi za kompyuta, na wafanyakazi wake ni vijana kama wa Nairobi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2025 uliwapima wafanyakazi 345 wa kazi hizo mjini humo. Asilimia 84 walikuwa na mafuta yaliyozidi kwenye ini, na asilimia 34 walikuwa tayari na sindromu ya kimetaboli. Kundi hilo ni dogo na haliwezi kuwasemea vijana wote wa kazi hii duniani, lakini ni onyo la kutosha kwa jirani yao wa ng'ambo ya bahari.

Kwa nini kazi hizi hasa?

Kukaa ni jambo la kwanza. La pili ni chakula. Mtu anayekimbizana na kazi hula mezani pake, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Asubuhi ni mandazi na chai ya sukari nyingi, mchana chipsi na soseji zilizoletwa na mtu wa bodaboda, jioni smokie ya kando ya barabara. Soda moja ya kola ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vinane vya chai. Ile ya nusu lita ina kama vijiko kumi na vitatu. Mkebe mkubwa wa kinywaji cha kuongeza nguvu mara nyingi huwa na sukari kama hiyo, pamoja na kafeini ya kumnyima mtu usingizi.

La tatu ni usingizi wenyewe. Ofisi nyingi za simu jijini Nairobi huwahudumia wateja wa Marekani na Uingereza, kwa hivyo wafanyakazi huamka wakati wengine wanalala. Mwili una saa yake ya ndani, na usiku saa hiyo huipunguzia insulini nguvu. Sahani ile ile ya wali huinua sukari zaidi ikiliwa saa nane za usiku kuliko ikiliwa saa mbili za asubuhi. Aidha, mtu asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi, na hutamani vitu vitamu na vya mafuta.

La nne ni saa ndefu za kazi na hofu ya kushindwa kuitimiza kwa wakati. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani zilitoa ripoti mwaka wa 2021 zikisema kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40. Ndugu msomaji, hebu zihesabu saa zako za wiki iliyopita, pamoja na zile ulizofanya nyumbani usiku.

Vipimo vinne vya kuvijua

Mwaka wa 2015 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa maradhi yasiyoambukiza miongoni mwa watu wa miaka 18 hadi 69. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Lakini asilimia 56 walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo maishani mwao, na karibu asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Kwa kuwa maradhi haya hayaumi, asiyepimwa hawezi kujua. Vipimo vyenyewe ni hivi:

1. Kiuno. Hiki hakihitaji daktari. Chukua uzi wenye urefu sawa na kimo chako, ukunje mara mbili, kisha uzungushe tumbo juu kidogo ya kitovu, ukipumua kama kawaida. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya kimo chako, na hiyo ni dalili ya mafuta yaliyoshikana na viungo vya ndani. Kwa kipimo cha tepu, hatari huanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Usitosheke na kuambiwa kwamba wewe ni mwembamba, kwani wapo wenye mikono na miguu myembamba na kitambi cha mviringo. Mafuta ya kitambi ndiyo mabaya zaidi.

2. Shinikizo la damu. Kipimo chema ni chini ya 120 kwa 80. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hilo ni shinikizo la juu. Kabla ya kupimwa, keti utulie dakika tano, usiwe umetoka kunywa kahawa, usikunje mguu juu ya mwingine, na usizungumze. Mtu aliyepanda ngazi mbio na kupimwa papo hapo hupata jibu la uongo.

3. Sukari. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, chini ya 5.6 ni shwari. Kipimo cha 7.0 au zaidi, kikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari. Kilicho katikati ni onyo. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa kama miezi mitatu, nacho hakihitaji mtu afunge. Hapo asilimia 6.5 na zaidi huashiria kisukari.

4. Mafuta ya damu. Hapa hupimwa lehemu mbaya, lehemu nzuri na trigliseridi. Trigliseridi zikifika 1.7 na lehemu nzuri ikiwa chini, mara nyingi ni ishara ya usugu wa insulini. Mwombe daktari akueleze kila tarakimu, wala usiiweke karatasi mfukoni na kuisahau.

Wanawake wana jambo la ziada. Katika uchunguzi ule wa mwaka wa 2015, karibu wanawake 39 kati ya 100 walikuwa na uzito uliozidi, ilhali wanaume walikuwa kama 18. Tena, mwanamke aliyepata kisukari au shinikizo la damu akiwa mjamzito hubakia katika hatari zaidi hata baada ya kujifungua salama. Asikose kumwambia daktari habari hiyo, hata kama mtoto sasa yuko shule.

Utafanyaje nawe una kazi?

Habari njema ni kwamba hali hii, ikigunduliwa mapema, hurudi nyuma. Nchini Marekani uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa na sukari ya onyo. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, tena lilifanya vyema kuliko kundi lililopewa dawa. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Basi fanya hivi:

Simama mara kwa mara. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba watu wanene waliosimama kila baada ya dakika 20 na kutembea polepole kwa dakika mbili walipunguza kupanda kwa sukari baada ya chakula kwa karibu robo. Kama dakika 20 ni fupi mno kwa kazi yako, anza na kila nusu saa. Jaza kikombe kidogo cha maji badala ya chupa kubwa, ili kiu ikuinue. Simu ikilia, ipokee ukiwa wima. Mwenzako aliye meza ya tatu mwendee, usimwandikie ujumbe.

Tembea baada ya kula. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Misuli ya mapaja itaipokea sukari inapoingia tu katika damu. Ukila kibandani kilicho mbali kidogo na ofisi, safari yenyewe ni dawa.

Timiza dakika 150 kwa wiki. Hicho ni kima cha chini cha Shirika la Afya Duniani, na mwendo wa haraka unahesabika. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako, mradi njia iwe salama. Wikendi kuna Karura na Arboretum. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya misuli kama kuchuchumaa na kuinuka. Mtu aketiye zaidi ya saa nane kwa siku anahitaji zaidi. Uchambuzi wa mwaka wa 2016, uliojumuisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba dakika 60 hadi 75 za mwendo wa haraka kila siku zilitosha kuifuta hatari iliyoletwa na kukaa.

Panga sahani yako. Nusu iwe mboga kama sukuma wiki, mchicha, kabichi au managu. Robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Githeri yenye maharagwe mengi, nduma na matunda mazima ni vyakula vyetu, na ni nafuu kuliko chipsi za kuletewa. Soda iache kabisa siku za kazi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu pia iliyofichwa katika soseji, krispi na tambi za pakiti. Punguza pombe, na sigara iache kabisa, ya moto na ya umeme.

Linda usingizi. Lala saa saba au zaidi. Ukiwa zamu ya usiku, kula mlo mkubwa kabla ya kuingia kazini na usile sana kati ya saa sita na saa kumi na moja za alfajiri. Ukirudi nyumbani, ziba madirisha kwa pazia zito, zima simu, na waombe wa nyumbani wauheshimu mchana wako kama usiku wao.

Kama umekwisha andikiwa dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Daktari ndiye atakayezipunguza. Na chai za kusafisha mwili zinazouzwa kwa bei ghali hazitafanya kazi ya miguu yako.

Neno kwa waajiri

Kampuni inayompoteza mhandisi wa miaka 34 kwa kiharusi imepoteza ujuzi wa miaka kumi. Mwajiri anaweza kununua mashine ya kupima shinikizo na kuiweka pahali pa faragha. Anaweza kuweka matunda palipokuwa na soda za bure, kuwaruhusu watu wasimame mikutanoni, na kutowapangia wafanyakazi zamu ya usiku inayofuatwa papo hapo na ya asubuhi. Hata hivyo, majibu ya vipimo ni siri ya mfanyakazi na daktari wake. Yasitumiwe kumpandisha wala kumshusha cheo.

Dalili zisizongoja

Nenda hospitalini mara moja ukipata maumivu au mbano kifuani unaosambaa hadi mkono, shingo au taya, hasa pakiwa na jasho baridi na pumzi fupi. Hali kadhalika uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakikwama ghafla, kwani hicho ni kiharusi na kila dakika ina thamani. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu ni ishara za kisukari. Usijiambie kwamba umri wako ni mdogo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Vijana wengi wa kazi hizi ndio nguzo ya nyumba zao: wanalipa karo ya wadogo zao, dawa za wazazi wao na kodi ya nyumba. Nguzo hiyo ikianguka, wanaoangukiwa ni wengi.

Zoezi la wiki hii ni mambo mawili. Leo jioni chukua uzi ujipime kiuno. Kabla ya Ijumaa, ingia zahanati yoyote iliyo njiani kwako upimwe shinikizo na sukari, kisha uandike tarakimu hizo pamoja na tarehe. Zikiwa njema, rudi baada ya mwaka. Zikiwa mbaya, umezijua wakati zingali zinarekebishika.